Marehemu Anaendelea Vizuri

Sehemu ya Tisa

“Yusta, ni wewe kweli? Baba yangu amekufa, na mimi nimesoma kwenye grupu?”

Hapo ndipo tulipomwacha Yusta wiki jana, simu sikioni, jasho likimtoka ndani ya Kosta iliyokuwa ikikaribia Makambako kwenye baridi ya kugonganisha meno. Anayeuliza ni Devotha, binti pekee wa Mzee Zabron. Na Mzee Zabron, kama unavyojua wewe msomaji na kama asivyojua Devotha, yuko mzima mjini Iringa, amekaa kwenye kochi la watu, anakula chapati.

Kama ndiyo kwanza unapanda, nitakueleza huku tunakwenda, maana Kosta haisubiri.

Yusta ni fundi cherehani wa Soweto, Mbeya. Ndiye aliyeanzisha grupu la WhatsApp la Wana Luhimbo Popote Tulipo, la vijana wa kijiji cha Luhimbo, kule juu ya Igowole, ambao riziki imewatawanya. Lilianza kwa picha na utani, wakawa wanakutana Uyole mwisho wa mwezi, nyama inachomwa, mtu anakumbushwa alivyochapwa shuleni. Kisha wakaanza kuzikana. Kisha siasa ikaingia, na siasa ikishaingia kwenye grupu haitoki.

Mwenyekiti wa kijiji, Sosthenes, anataka kilima cha Lusinga wapewe watu wa kampuni wapande mikaratusi. Kwenye kilima hicho ndiko iliko chemchemi, na Luhimbo nzima inakunywa hapo. Kijiji cha jirani kilikwisha kufanya biashara hiyo. Leo wanawake wake wanapanda Luhimbo na madumu kichwani, kuomba maji kwa aibu. Mama yake Yusta huwa anawachotea, na kila jioni humpigia binti yake simu kumweleza.

Mkutano mkuu wa kijiji uliwekwa Jumamosi, makusudi kabisa, wakati wenye midomo ya kupinga wako Mbeya, Iringa na kwenye mpunga wa Ubaruku. Yusta akaandika kwenye grupu, twendeni nyumbani tukapige kura. Wakamwekea vidole gumba. Wakamwekea ngumi, wakamwekea na moto. Aliyefunga begi hakuonekana.

Ndipo Liberatus alipoleta wazo lake. Huyu ni admini mwenzake, muuza simu wa Iringa, anayeutamani udiwani kama mtoto anavyotamani andazi. Alisema watu wa Luhimbo hawaji mkutanoni, ila msiba hawakosi, kwa sababu asiyezika wenzake huondolewa kwenye grupu na wake ukifika atauona. Kwa hiyo kilichopungua ni marehemu tu. Mzee Zabron, mgane mwenye utani mwingi, akajitolea mwenyewe.

“Niueni,” alisema. “Halafu Jumamosi nifufuke mkutanoni. Sosthenes atajikojolea.”

Liberatus akaenda kumficha nyumbani kwake Kihesa. Tangazo akaliandika Yusta, kwa kidole chake hiki hiki. Na wote watatu wakasahau kwamba Devotha, aliyekuwa ametoka kwenye grupu siku alipogombana na baba yake, alikwisha kurudi kimyakimya kwa namba mpya yenye picha ya maua.

“Nijibu basi!” Devotha alilia. “Si wewe umeandika?”

Yusta aligeuza shingo. Kosta nzima ilikuwa inaimba tenzi. Frida, mwenye mgahawa pale Soweto, alikuwa amefunga mlango wa biashara na kujitanda khanga nyeusi. Nyuma walikaa watu wa Ubaruku waliopandia Igawa, wamebeba mchele wa msiba, na Aroni aliyewaongoza alikuwa bado na tope la majaruba kwenye suruali. Neno moja tu la kweli hapa, na dereva angegeuza gari.

“Pole, dada yangu,” akasema Yusta. “Pole sana.”

Alilichukia neno hilo kabla halijamaliza kutoka.

“Yuko wapi? Mochwari ipi? Mimi natoka Ilula sasa hivi naingia mjini. Sanduku nitanunua mwenyewe, Yusta. Sitaki baba yangu azikwe kwenye mbao za kuungaunga.”

“Muulize Liberatus,” Yusta akasema. “Yeye ndiye yuko huko.”

Simu ikakatika. Frida akamshika bega. “Ni binti wa marehemu? Masikini. Wewe Yusta una moyo, mimi nisingeweza kuongea naye.”

Yusta akatamani sakafu ya gari ifunguke. Akamwandikia Liberatus huku vidole vikikosea herufi. Jibu likarudi kwa sauti, la mtu asiye na wasiwasi duniani.

“Tulia, dada. Niachie mimi. Namleta hapa nyumbani, anamkuta mzee wake mezani, analia kidogo, anacheka, yameisha.”

Gari liliposimama Nyololo watu wanunue maji, Yusta akajitenga nyuma ya kibanda cha viazi akampigia marehemu, akamtolea salamu ya kwao.

“Kamwene, Mzee.”

“Kamwene!” sauti ya Zabron ikajibu, nene na ya furaha. “Huyo jogoo wenu kawika mpaka nimemwaga chai. Mimi marehemu naendelea vizuri. Nyie wafiwa mnaendeleaje?”

Jogoo huyo ni mlio wa simu yake. Masikio ya mzee ni mazito, basi Liberatus alimwekea kwenye kitochi chake jogoo anayewika kwa nguvu zote. Amekwisha kumkatiza mchungaji mahubiri, amekwisha kuwika kwenye posa ya watu, na Luhimbo hakuna asiyemjua.

“Mzee, Devotha ameliona tangazo.”

Chapati ilisikika ikiacha kutafunwa.

“Devotha wangu?”

“Ndiyo. Amerudi kwenye grupu, hatukujua. Anakuja huko.”

“Analia?”

“Analia, Mzee.”

“Kwa ajili yangu?” Zabron akakohoa, akakohoa tena. “Mimi sikujua kama atalia. Aliniambia nikifa asiitwe.”

“Nimpigie nimwambie ukweli?”

“Hapana! Usimwambie wewe. Nitamwambia mwenyewe. Acha aje, nikae hapa mlangoni nimwone anavyoingia.” Sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu anayeogopa furaha isimponyoke. “Mwanangu Yusta, kumbe kufa nako kuna faida.”

Yusta akacheka peke yake nyuma ya viazi vya watu. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka siku hiyo.

* * *

Luhimbo ilikuwa imejaa. Mwaka mzima grupu lilikuwa picha ndogo ndogo za duara kwenye kioo, na leo duara zote zilikuwa na miguu, zinashuka kwenye magari na kukumbatiana. Waliotoka Iringa walifika. Hata waliotukanana mtandaoni kwa sababu ya vyama walisimama kwenye turubai moja, wanapokezana kuni. Kama mkutano ungekaa saa hiyo, Sosthenes angeshindwa hata kabla ya kukohoa.

“Tumeshinda,” Yusta alijiambia. Na hapo hapo akamwona Bibi Rozalia.

Dada yake Zabron alikuwa amekaa kwenye mkeka, amenyoosha miguu, kichwa kimenyolewa. Yeye hakuambiwa, kwa sababu mzee mwenyewe alisema mdomo wa dada yake haufungi. Alimvuta Yusta mkono akamkalisha.

“Asante, mwanangu,” akasema. “Ile simu yako imewaleta watoto wote. Kaka yangu alikuwa anadhani amesahaulika. Leo angeona!”

Yusta alikaa hapo, mkono wake umeshikwa, akihesabika kuwa mtu mwema.

Kisha mwenyekiti akaingia. Sosthenes ni mtu mfupi, mnene, mwenye sauti ya upole ambayo watu wamejifunza kuiogopa. Alivua kofia, akatoa pole kwa ukoo, akatoa pole kwa kanisa, akageuka kuwatazama waliotoka mjini.

“Nimefarijika kuwaona,” akasema. “Sasa, kesho tulikuwa na mkutano. Lakini mnajua tulivyolelewa. Kijiji chenye maiti isiyozikwa hakishiki jembe wala hakikai mkutano. Kwa hiyo mkutano haupo. Na kwa kuwa wale wageni wa kampuni wana haraka, Jumatatu halmashauri ya kijiji itakaa yenyewe, iwamalizie jambo lao.”

Yusta akajishika kichwa.

Alilijua hilo! Alilijua tangu hajaota meno ya ukubwani. Utotoni aliwahi kuchapwa kwa kutoa majembe stoo siku ya msiba. Miaka ya Soweto, ambako jirani anazikwa na wewe unaendelea kushona sare, ilikuwa imemfuta kichwa. Walitafuta kitu cha kuwaleta watu mkutanoni, wakachagua kitu pekee kinachoua mkutano wenyewe. Na Sosthenes, ambaye hana hata WhatsApp, alikuwa amewashinda akiwa amekaa kwenye kiti.

“Mwenyekiti!” Aroni wa Ubaruku akasimama na matope yake. “Na tukizika kesho asubuhi? Mkutano si ulikuwa mchana?”

Watu wakaguna kwa kukubali. Sosthenes akageuza kofia mkononi. Mila aliyoileta mwenyewe ilikuwa imemgeukia, na mbele ya umati ule asingeweza kuikana.

“Mkizika asubuhi, mchana tutakaa,” akasema. “Nani atakataa? Ila maiti yenyewe iko wapi?” Akamtazama Yusta moja kwa moja. “Maana nimezunguka, nimeona mchele, nimeona kuni, nimeona kwaya. Marehemu sijamwona. Msiba usio na maiti, mimi ni mgeni nao.”

“Inatoka Iringa,” Yusta akasikia mdomo wake unasema. “Inafika kesho asubuhi.”

“Haya,” mwenyekiti akasema, akavaa kofia. “Tutaipokea wote.”

* * *

Yusta alikimbilia kwenye mahindi nyuma ya jiko. Liberatus akapokea.

“Umetuua!” Yusta alisema kwa kunong’ona kunakokaribia ukelele. “Kijiji kina maiti, mkutano hakuna! Sosthenes anataka mwili kesho asubuhi, Liberatus. Mwili! Leo hii hii mlete mzee hapa asimame, tuombe radhi tupigwe yaishe.”

Yusta alidhani mtandao umekata.

“Hilo nalo dogo,” hatimaye Liberatus akasema, na sauti yake ilikuwa kavu. “Sikiliza. Devotha nimemwambia. Amelia, amenitukana, ameelewa. Sanduku si ameshanunua? Basi. Tunalitia mchanga, tunapiga misumari, tunakuja kuzika. Mchana mkutano unakaa, kilima kinapona. Mengine baadaye.”

“Tuzike mchanga? Mwinjilisti Jailos ausomee mchanga maneno ya Mungu?”

“Wewe unataka chemchemi au huitaki?”

Yusta akafumba macho. Aliona madumu ya wale wanawake wa jirani. Aliona mama yake naye kwenye ule mstari, khanga imelowa mgongoni, anaomba kwa watu asiowajua.

“Nipe Mzee niongee naye.”

“Amelala.”

“Saa hizi? Mchana wote huu?”

“Alikuwa anakohoa, nikampa dawa, amelala. Usimsumbue. Na wewe acha presha, utatuharibia.”

Akakata. Yusta akapiga kitochi cha mzee. Kiliita mpaka kikachoka. Akapiga tena, akamwona kwa mawazo yule jogoo akiwika juu ya kochi la Kihesa na mzee akikoroma zake. Akapiga tena. Akajiambia kuwa dawa za kikohozi zinalevya kweli, kila mtu anajua.

Mtu anayetaka sana kuamini, msomaji, haombi ushahidi.

* * *

Asubuhi gari dogo la mizigo lilipanda kilima polepole, taa zinawaka. Kina mama walipoona sanduku walitoa kilio kilichowafukuza kuku uani. Nyuma, mkono juu ya mfuniko, alikaa Devotha. Mbele alikaa Liberatus kwenye suti, na macho yake hayakutulia popote.

Vijana wa grupu wakaingia kulibeba. Walinyanyua, wakayumba, Aroni akaguna.

“Mbona zito hivi,” mmoja akasema.

“Mzee alikuwa mtu,” mwingine akamjibu.

Yusta alijipenyeza mpaka kwa Liberatus. “Mmetia mchanga mwingi,” akanong’ona. Liberatus akaitikia kwa kichwa bila kumtazama. Kwapa za suti yake zilikuwa zimelowa, na jua lilikuwa halijapata hata nguvu.

Devotha alishushwa na wanawake. Hakuwa anapiga kelele. Machozi yalikuwa yanashuka tu, hayafutwi, kama mtu aliyesahau kuwa ana uso. Yusta, Mungu amsamehe, alimstaajabia. Alijiambia kuwa huyu dada angekwenda kuigiza kwenye televisheni. Alimsogelea, akamkumbatia, akamwambia sikioni:

“Pole, dada. Lakini punguza kidogo, bibi atazimia.”

Devotha alimtazama kama mtu anayetazama ukuta. Alifungua mdomo, na wanawake wakamvuta kwenda kumkalisha. Yusta hakumfuata.

“Fungueni nimwone,” Bibi Rozalia akasema.

“Halifunguliwi, bibi,” Liberatus akawahi. “Tumeshauriwa huko tulikotoka. Halifunguliwi.”

“Nimemlea mgongoni. Nitamwagaje bila kumwona?”

Bibi akajisogeza kwa makalio juu ya mkeka mpaka kwenye sanduku. Akalaza shavu kwenye mbao. Akagonga taratibu kwa kidole, kama mtu anayebisha hodi kwa mtu mgonjwa.

“Kamwene, Zabron,” akasema.

Akangoja. Aliinamisha sikio lake la kizee akangoja kweli, jinsi mtu anavyongoja kuitikiwa salamu, na uwanja mzima ukangoja naye. Kisha akaitikia mwenyewe kwa niaba ya kaka yake, “Kamwene,” kwa sauti ndogo, akajifunika khanga.

Frida alilia kwa sauti. Aroni akageuza uso. Yusta aliuma kidole mpaka akaonja chumvi. Kilima cha Lusinga kilikuwa pale pale mbele yake, kijani, maji yanashuka. Ilibaki ibada, ilibaki shimo, ilibaki mchana. Vumilia, akajiambia. Vumilia kidogo tu, wewe mwanamke.

Walifika makaburini. Mwinjilisti Jailos akasoma, akaomba, akafunga kitabu. Vijana wakashika kamba. Sosthenes alisimama upande wa pili wa shimo, kofia kifuani, anatazama sanduku kwa umakini kuliko ndugu wa damu.

“Mavumbini tulitoka,” Jailos akaanza.

“Msilishushe!”

Kila kichwa kiligeuka. Yusta mwenyewe alichelewa kujua kuwa sauti ni yake.

“Msilishushe. Mwinjilisti, nisamehe. Bibi, nisamehe. Mzee Zabron hajafa.”

“Yusta, nyamaza,” Liberatus akasema. Uso wake ulikuwa umegeuka majivu. “Jamani, huzuni imempanda kichwani, mshikeni.”

“Asinishike mtu!” Yusta akasogea mpaka ukingoni mwa shimo, udongo ukaporomoka chini ya viatu vyake. “Ni mimi niliyeandika. Tulitunga. Tuliona hamtakuja mkutanoni, tukasema tuwaite kwa msiba. Mzee mwenyewe alikubali, yuko Iringa anakunywa chai. Humu ndani hakuna mtu. Ni sanduku tupu, kuna mchanga!”

Kelele zikapasuka.

“Tumeacha vibarua Ubaruku!” Aroni alifoka, ameachia kamba. “Tumebeba mchele kuja kuzika mchanga?”

“Yusta, sema unatania,” Frida akamsihi. “Mdogo wangu, nakuomba sema unatania.”

“Mtoe kwenye grupu! Mtoe sasa hivi!”

Sosthenes hakupiga kelele. Alimnyang’anya mjukuu wake simu ya kioo akainyoosha mbele ya uso wa Yusta. “Rudia, mama,” akasema kwa ule upole wake. “Rudia pole pole nirekodi, watu wasikie jinsi wapinzani wa maendeleo wanavyozika mchanga.”

Kilima kilikuwa kimekwenda. Yusta alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Hakuna mtu wa Luhimbo ambaye angempa kura mwongo wa misiba, si leo, si mpaka kufa. Lakini Bibi Rozalia alikuwa amefunua khanga. Uso wake uliovimba ulikuwa umeinuka, na ndani yake kulikuwa na furaha ambayo Yusta hajawahi kuiona kwa mtu mzima.

“Hajafa?” bibi akauliza. “Mwanangu, unasema Zabron hajafa?”

“Hajafa, bibi. Ngoja. Ngoja umsikie mwenyewe.”

Akatoa simu. Akaitafuta namba, akaweka sauti ya nje, akaiinua juu ya kichwa ili kila mtu asikie. Hata Sosthenes akashusha mkono.

Simu ikaanza kuita.

Jogoo akawika.

Alisikika kwa mbali, amezibwa, kama aliyefungiwa chumbani. Akawika tena. Hapakuwa na nyumba karibu, hapakuwa na banda, na hapakuwa na mtu wa Luhimbo asiyemjua jogoo yule. Vijana walioshika kamba wakarudi nyuma, kwa sababu wao ndio waliokuwa karibu zaidi, na wao ndio wa kwanza kusikia kuwa anawikia chini ya mfuniko.

Furaha ilibaki usoni mwa Bibi Rozalia kidogo, kama haijaambiwa. Kisha ikaondoka.

Yusta hakuweza kushusha simu. Iliendelea kuita juu ya kichwa chake, na ndani ya mbao jogoo aliendelea kumwitikia. Aligeuza macho kumtafuta Liberatus. Mahali aliposimama palikuwa wazi, na chini barabarani gari dogo la mizigo lilikuwa linawashwa.

Devotha alikuja mpaka mbele yake. Hakupaza sauti.

“Nilimkuta kwa Liberatus, amekaa kwenye kiti, mlangoni, amekwisha kupoa,” akasema. “Simu ilikuwa mkononi mwake, ameikamata. Nikaona nisimnyang’anye, nikamwachia mfukoni. Suti hiyo nimemvisha mimi, Yusta. Soksi nimemvisha mimi. Sasa niambie, nani alikuambia sanduku hili ni tupu?”